Sauti ya mwenyekiti iliyoghushiwa: sera ianzie wapi?

Mwalimu mstaafu wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, ameuliza swali ambalo nalieleza hapa kwa ufupi. Msimu uliopita wa mahindi, sauti ya mwenyekiti wao iliingia katika kundi lao la WhatsApp ikiwataka wanachama watume michango ya kununulia magunia kwenye namba nyingine, kwa maelezo kwamba simu yake ilikuwa imeharibika. Wanachama watatu wakatuma. Mwenyekiti siku hiyo alikuwa msibani Mpwapwa, na hakuwa amerekodi neno lolote. Mwalimu anauliza: je, Serikali ikitunga sheria ya kulazimisha kila sauti, picha na video iliyotengenezwa kwa akili unde (AI) iwekwe alama ya kuitambulisha, watu kama wao watakuwa salama? Na wale wanachama walioisambaza sauti hiyo katika makundi mengine, wakiamini ni ya kweli, wana kosa kisheria?

Mwalimu, pokea pole zangu, na uwafikishie wale watatu pia, kwa maana najua katika kikundi hasara ya namna hii haiishii kwenye fedha. Watu huanza kutazamana kwa jicho la mashaka, na mwenyekiti asiye na hatia hujikuta akijieleza kila kikao. Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba sheria ya alama ni ya lazima, lakini isingewaokoa siku ile. Naomba nikueleze sababu kwa kirefu, kwa sababu ndani ya sababu hiyo ndimo ulimo mwelekeo wa sera ninayoamini ingewasaidia.

Baada ya kusoma swali lako nilikaa mezani kwangu hapa Dodoma, nikajirekodi nikisoma muhtasari wa kikao kwa muda wa dakika moja hivi. Nikaipa rekodi hiyo programu inayopatikana mtandaoni bila malipo, nikaandika sentensi mbili ambazo sijawahi kuzitamka maishani mwangu, na kabla chai haijapoa nikaisikia sauti yangu ikizitamka. Mke wangu, aliyekuwa chumba cha pili, aliitika. Kasoro niliyoinasa ilikuwa moja tu: neno “ng’ombe” lilitamkwa kana kwamba halina king’ong’o, kama mgeni anavyolisoma kitabuni. Nakusihi usiwafundishe wanachama wako kutegemea kasoro kama hiyo, kwa sababu toleo lijalo la programu litalitamka sawasawa, nao watakuwa wamebaki na kipimo kisichopima kitu. Kisha nikaicheza sauti hiyo kwenye spika ya simu na kuirekodi upya kwa simu ya pili, nikaituma WhatsApp. Kilichofika upande wa pili kilikuwa faili jipya kabisa, lisilo na kumbukumbu yoyote ya mahali lilikozaliwa.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa alama, na ni vizuri tuujue kwa undani. Alama zinazozungumzwa na watunga sera ni za aina tatu. Ipo ile inayoonekana au kusikika waziwazi, kwa mfano maandishi kwenye kona ya video yanayosema kwamba imetengenezwa kwa akili unde. Ipo alama fiche, ambayo hupachikwa ndani ya mawimbi ya sauti au nukta za picha, na ambayo binadamu haioni ila kompyuta yenye ufunguo wake huitambua. Na ipo kumbukumbu ya asili ya faili, yaani maelezo yaliyosainiwa kidijitali yanayoeleza kifaa au programu iliyolitengeneza na mabadiliko yaliyofuata. Utaratibu unaojulikana zaidi wa aina hii ni C2PA, ulioanzishwa mwaka 2021 na kampuni zikiwamo Adobe, Microsoft na Intel pamoja na shirika la utangazaji la BBC. Alama ya kwanza hukatwa kwa mkasi wa programu yoyote ya simu. Kumbukumbu ya faili hupotea mtu anapopiga picha ya skrini, au mtandao wa kijamii unapoibana picha ili isile bando. Alama fiche hustahimili zaidi, lakini nayo hudhoofika kwa kubanwa, kukatwa na kurekodiwa upya. Zaidi ya hayo, zipo programu ambazo msimbo wake, yaani maelekezo yanayoziendesha, umeachwa wazi kwa yeyote kuubadilisha, na tapeli anayejua kazi yake ataondoa sehemu inayopachika alama kabla hajaanza kuzitumia.

Wewe unayeishi Kibaigwa unaijua hali hii kwa jina lingine. Sheria imekataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na mizani ya mfanyabiashara mwaminifu imekaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Lakini mnunuzi anayefuata mkulima shambani usiku hana mizani yenye muhuri, ana ndoo na uzi wa kushonea. Muhuri ulio kwenye mizani ya mwaminifu haumzuii mtu huyo. Kinachomzuia, pale anapozuiwa, ni mkaguzi anayesimama sokoni au kwenye kizuizi cha barabara, mahali ambapo gunia lake halina budi kupita.

Simaanishi kwamba alama hazina faida. China iliweka kanuni za maudhui ya aina hii zilizoanza kutumika tarehe 10 Januari 2023, ikaongeza nyingine tarehe 1 Septemba 2025 zinazodai alama inayoonekana na alama fiche kwa pamoja. Sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na ambayo inatekelezwa kwa awamu, inawataka watengenezaji waweke alama zinazosomeka na kompyuta, na anayekiuka wajibu huo anaweza kutozwa faini ya hadi euro milioni 15 au asilimia 3 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Sheria kama hizi zinawabana wakubwa, na kwa kuwa watu wengi hutumia programu za wakubwa, sehemu kubwa ya picha zinazotengenezwa kwa mzaha au uzembe itakuwa na alama. Tanzania inapaswa kudai haki hiyohiyo kwa kampuni zinazofanya biashara hapa. Hatari yake ni moja, nayo inanisumbua sana: watu wakizoea kwamba kitu bandia kina alama, watahitimisha kwamba kisicho na alama ni halisi, na sauti ya mwenyekiti wako ingepita ikiwa safi kuliko hapo awali.

Wapo wanaosema basi tununue mitambo ya kutambua maudhui bandia. Hebu tupige hesabu pamoja, kwa tarakimu za mfano tu. Chukua sauti 1,000 zinazotumwa katika makundi ya wilaya moja, kati yake 10 zikiwa za kughushi. Chukua mtambo mzuri unaonasa bandia 9 kati ya 10 na unaokosea mara 5 tu katika kila sauti 100 za kweli. Mtambo huo utanasa bandia 9, lakini utawanyooshea kidole wasemaji wa kweli karibu 50 kati ya wale 990. Yaani mtu akiambiwa na mtambo kwamba sauti ni bandia, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ni ya kweli. Na mitambo mingi imefunzwa kwa Kiingereza na lugha chache zenye hazina kubwa ya rekodi. Kiswahili cha mtu wa Kongwa chenye lafudhi ya Kigogo, kilichorekodiwa sokoni mashine za kukoboa zikinguruma, si kitu ambacho mitambo hiyo imezoea. Kwa hiyo napendekeza sera itenge fedha kwa vyuo vyetu, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwamo, vikusanye sauti za Watanzania kwa ridhaa yao na kuipima mitambo hiyo kabla Serikali haijainunua. Na sheria ya ushahidi iseme wazi kwamba matokeo ya mtambo peke yake hayatoshi kumtia mtu hatiani wala kumtoa.

Hata Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ambayo mwaka 2024 ilitoa ripoti nzima juu ya kupunguza hatari za maudhui ya namna hii, ilipitia alama, kumbukumbu za asili na utambuzi, na haikuona hata mbinu moja inayojitosheleza. Ndiyo maana swali ninalopenda kuwauliza watunga sera si namna ya kuikamata sauti bandia, bali ni mahali gani sauti hiyo hailazimiki kukamatwa ili madhara yasitokee.

Katika kisa chenu mahali hapo panaonekana kwa macho. Sauti yenyewe haikuchukua hata senti. Fedha zilihama pale mwanachama alipobonyeza namba ya siri. Umeandika kwamba mmoja wa wale watatu aliona jina asilolijua likitokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, akasita, kisha akaendelea kwa sababu “mwenyekiti” alikuwa ameshaeleza kwamba namba ni ya dereva wa lori. Hapo, Mwalimu, kinga iliyokuwapo ilifanya kazi yake, ila ilikuwa na sekunde chache tu na haikuwa na mshirika. Sote tumeishi na ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” kwa miaka, na usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ukomo wake ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, ulikusudiwa kuukata. Ulisaidia, lakini laini zinazosajiliwa kwa vitambulisho vya wengine bado zinapatikana mitaani. Akili unde imeupa utapeli huohuo wa zamani sauti ya mtu unayemheshimu.

Sera ninayoitaka hapa ni ya Benki Kuu, inayosimamia watoa huduma za malipo chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, ikishirikiana na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Muamala mkubwa wa mara ya kwanza kwenda namba ambayo mtumaji hajawahi kuitumia ushikiliwe kwa saa kadhaa kabla haujaweza kutolewa kwa wakala. Namba iliyoripotiwa na watu zaidi ya mmoja isimamishwe kutoa fedha siku hiyohiyo, badala ya kusubiri barua. Na zaidi ya yote, gharama ya utapeli igawanywe. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, imezilazimisha benki kumrudishia mteja aliyelaghaiwa kutuma fedha mwenyewe, hadi pauni 85,000, na hasara hiyo hubebwa nusu kwa nusu na taasisi iliyotuma na ile iliyopokea. Hatuna uwezo wa kuiga kiwango hicho, wala si lazima. Tunachoweza kuiga ni mantiki yake: taasisi inayojua kwamba itabeba sehemu ya hasara huanza yenyewe kuichunguza ile namba iliyosajiliwa jana, inayopokea fedha za watu kumi kutoka wilaya tatu na kuzitoa zote ndani ya dakika ishirini. Leo hasara yote iko mabegani mwa mama aliyechangia kununua magunia, ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuizuia.

Yapo madhara ambayo hayapitii kwenye fedha, na hapo sera inabidi ibadilike. Nazungumzia picha na video za utupu zinazotengenezwa kwa sura ya mtu ambaye hakuvua nguo mbele ya kamera yoyote. Kampuni ya Deeptrace ilipozihesabu video za kughushi mtandaoni mwaka 2019 ilikuta 14,678, na asilimia 96 kati yake zilikuwa za ngono bila ridhaa ya wanaoonyeshwa. Nataja takwimu hiyo kwa sababu mijadala yetu hupenda kuanzia kwa viongozi na siasa, ilhali wanaoumia zaidi ni wanawake na wasichana, wengine wakiwa bado shuleni. Kwa binti huyo alama haina msaada wowote. Video ikiwa na maandishi makubwa kwamba ni bandia, bado imemvua mbele ya darasa zima. Anachohitaji ni iondoke, na iondoke haraka. Marekani, kwa sheria iliyosainiwa tarehe 19 Mei 2025, imeitaka mitandao iondoe picha kama hizo ndani ya saa 48 baada ya mhusika kulalamika. Napendekeza muda kama huo uandikwe katika kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni, malalamiko yapokelewe kwa Kiswahili, na dawati la jinsia na watoto katika kila kituo cha polisi liwe na njia ya moja kwa moja ya kuifikia mitandao hiyo, kwa sababu msichana wa Bahi au Chemba hataandika barua pepe kwenda California. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za kibayometriki, yaani za maumbile yanayomtambulisha mtu, kuwa nyeti; Tume iliyoundwa chini yake inaweza kutamka bila kusubiri sheria mpya kwamba kuigiza sura au sauti ya mtu kwa mtambo bila ridhaa yake ni uchakataji wa taarifa zake.

Kuna hatari nyingine ambayo huja kwa mlango wa nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rais Ali Bongo wa Gabon alikuwa nje ya nchi akiuguza kiharusi, na watu wake hawakumwona kwa wiki nyingi. Video ya salamu zake za mwaka mpya ilipotolewa, wengi walisema imeghushiwa; tarehe 7 Januari 2019 kikundi cha askari kilijaribu kuipindua serikali, kikisema hotuba ile imezidisha mashaka. Uchunguzi wa baadaye haukupata ushahidi kwamba video ilikuwa ya kughushi. Maana yake ni kwamba teknolojia hii inaharibu hata pale ambapo haikutumika, kwani inatosha ijulikane kuwa ipo, na kila mwenye hatia akaweza kusema “ile si sauti yangu”. Dawa ya hilo haiko kwenye adhabu. Iko kwenye mazoea ya Serikali kuthibitisha maneno yake yenyewe: tangazo la wizara lisainiwe kidijitali, liwekwe kwenye tovuti yake rasmi saa ileile linapotoka, lisomwe na redio za mikoani, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ubao ule wa mbao wenye misumari ni njia ya pili ambayo tapeli wa mtandaoni hawezi kuifikia.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamwadhibu anayechapisha taarifa kwenye mfumo wa kompyuta akijua kwamba ni ya uongo, na akiwa na nia mbaya kama vile kuupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Maneno “akijua” na “nia” ndiyo ngao ya wanachama wako. Aliyesambaza kwa imani njema, akadhani anawasaidia wenzake wasikose kuchangia, hana ujuzi wa uongo wala nia hiyo. Aliyetengeneza sauti ndiye mwenye makosa, na si hilo moja tu, kwa maana sheria hiyohiyo inagusa kughushi, udanganyifu kwa kompyuta na kujifanya mtu mwingine. Nasema hili kwa uzito kwa sababu kila panapotokea wimbi la maudhui bandia husikika sauti zikitaka kila msambazaji aadhibiwe. Sera ya namna hiyo ingejaza mahabusu watu wenye simu ndogo na huruma kubwa, ingewafanya waathirika waogope kuripoti, na tapeli angebaki na laini zake. Wabunge wakiifungua sheria hii siku moja, naomba maneno hayo mawili yasiguswe.

Kwa upande wa kikundi, mnaweza kuongeza kifungu kimoja katika katiba yenu msimu haujaanza: hakuna mabadiliko ya namba ya kupokelea fedha yatakayofuatwa mpaka viongozi wawili wayathibitishe kwa kupiga simu, na wao ndio wapige, wasisubiri kupigiwa. Namba iliyotumika muiripoti kupitia 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na kama hamjafungua taarifa polisi, nendeni mkachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu, hata kama kiasi ni kidogo, kwa sababu namba hiyo yaweza kuwa imeshaliza vikundi vingine ambavyo navyo vimeamua kunyamaza.

Jambo la mwisho linahusu simu. Mwanachama wa kwanza kuipokea sauti ile asiifute, na asiwatumie polisi nakala iliyosambazwa. Aende na simu yenyewe, ujumbe ukiwa bado mahali ulipoingilia, ukionyesha namba iliyoutuma na saa. Itakapofika zamu ya kamati ya Bunge kupokea maoni ya wadau juu ya muswada wowote wa akili unde, ningependa wewe mwenyewe uje Dodoma na maelezo ya miamala mitatu ile mkononi, uwasomee wajumbe muda ambao fedha ilitumwa na muda ambao ilitolewa.